Nyumba ya Arobaini na Saba

Dar es Salaam
2 Mei 1934

Kwa dada yangu Hafidha,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Jipya kwanza. Jana saa nne asubuhi mzungu mkuu wa ofisi yetu ya hesabu alitwambia, makarani sote sita tukiwa tumesimama, kwamba kodi ya nyumba kwa Mafia nzima itashushwa kutoka shilingi kumi hadi sita, ikithibitika kuwa pato la nyumba ya katikati kwa mwaka liko chini ya shilingi sitini. Likiwa sitini au zaidi, kodi itabaki kumi.

Sisi huku hatujambo. Saleha anakusalimu, watoto wana mafua tu. Natumai wewe na shemeji Mbaraka mu wazima wa afya. Najua ni mwaka na miezi miwili sijaandika. Kazi ndiyo iliyonishika.

Nyumba ya katikati ni hivi. Unachukua nyumba zote za kijiji, unazipanga mstari mmoja, kuanzia yenye pato dogo kabisa hadi yenye pato kubwa kabisa. Halafu unahesabu kutoka pande zote mbili mpaka unakutana na ile iliyo katikati. Pato la nyumba hiyo ndilo jibu. Mzungu hataki kujumlisha na kugawanya, kwa sababu Awadh peke yake na minazi yake elfu mbili angekifanya kijiji kizima kionekane kinakula nyama kila siku. Katika hilo namwona ana akili.

Hawawezi kuhesabu kisiwa chote. Wamechagua Ndagoni, kwa kuwa ina wavuvi na ina wakulima, na Ndagoni itasemea Mafia nzima. Wanataka namba tatu: ya mwaka 1926, mbata ya nazi ilipokuwa na bei, ya 1930, ilipoanza kuanguka, na ya miezi kumi na miwili iliyopita.

Karani akitumwa kutoka boma, watu watamkimbia au watamdanganya. Nimemwambia mzungu kwamba dada yangu amesomesha Kurani watoto wa Ndagoni kwa miaka kumi na tisa, kila mlango uko wazi kwake, na anajua kuandika. Amekubali. Utalipwa shilingi kumi na tano kazi ikiisha. Mimi nami nina langu: ifikapo Agosti atateuliwa karani mkuu mmoja kati yetu sita, na kazi hii ndiyo itakayotazamwa.

Orodha inifikie kabla ya 30 Juni. Usiandike majina, andika namba ya nyumba na shilingi zake.

Mdogo wako,
Sleyum


Ndagoni, Mafia
6 Juni 1934

Kwa mdogo wangu Sleyum,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Sisi tu wazima. Mbaraka anakusalimu, siku hizi hakwei minazi sana, yuko nyumbani zaidi. Nawatakia watoto shifaa. Mafua ya huko nasikia yanatokana na vumbi.

Orodha yako imo humu. Namba tatu kwa kila nyumba, kama ulivyotaka. Nakueleza nilivyozipata, ili mzungu akikuuliza usibabaike.

Hakuna mtu anayekumbuka shilingi za mwaka 1926. Lakini kila mtu anakumbuka alichonunua. Hamoud, mwenye mashua, aliniambia mwaka ule alipata riziki ya kutosha. Nikamuuliza ngapi, akanitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake. Basi nikaingia ndani kwa mkewe. Mkewe akanionyesha vikuku vya fedha jozi mbili, shilingi ishirini na nne, vya mwaka huohuo, na akaniambia ni nani mwingine aliyenunuliwa vyake siku ile. Nilipotoka Hamoud akaniuliza nimeambiwa nini. Nikamwambia nimeambiwa alipata riziki ya kutosha.

Nimefanya hivyo kila nyumba. Wanaume wanataja mbata na samaki. Wanawake wanataja mikeka, kuku na kamba za makumbi, ambazo wanaume hawazihesabu kabisa. Nimejumlisha yote. Kitu walichokula wenyewe bila kuuza nimekipa bei ya dukani. Pale mume na mke walipotofautiana nilimfuata mke, isipokuwa nyumba mbili ambazo mke naye ni mwongo.

Watu wamechukua jambo hili kwa furaha kwa sababu niliwaambia kuhusu kodi kushuka. Hemedi, fundi wa kushona majamvi, alinikuta njiani akaniuliza mbona kwake sijapita. "Au unaogopa karatasi haitatosha, mwalimu?" Nikamwambia zamu yake bado. Akasema nikija nimwandikie ana motokaa, iko Kilindoni inapakwa rangi.

Nimeandika nyumba sitini na moja. Kazi imenichukua siku ishirini na mbili, baada ya darasa.

Kumi na tano zikipatikana utanitumia. Zisipopatikana, si kitu.

Dada yako,
Hafidha


Dar es Salaam
10 Julai 1934

Kwa dada yangu Hafidha,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mafua yamekwisha, alhamdulillahi. Natumaini u mzima, na shemeji pia.

Namba zimetangazwa ofisini jana na mzungu mwenyewe. Nyumba ya katikati ya Ndagoni ilipata shilingi mia na kumi na mbili mwaka 1926, tisini na saba mwaka 1930, na themanini na nne mwaka huu. Amesema hajaona kazi safi kama hii kutoka pwani. Ile njia yako ya vikuku ameinakili katika ripoti yake kwa mkono wake.

Themanini na nne iko juu ya sitini. Kwa hiyo kodi inabaki shilingi kumi. Ripoti inasema Mafia imeshuka polepole na inaweza kustahimili. Mzungu ameongeza kwamba malimbikizo yote yakusanywe kabla ya 30 Septemba. Asiyelipa atafanya kazi ya barabara siku thelathini badala ya fedha.

Najua mlitaka jibu jingine. Lakini namba ni namba, na ni bora kujua kwamba nyumbani hali si mbaya kama watu wanavyolia.

Kuanzia tarehe mosi Agosti mimi ni karani mkuu. Nyongeza ni shilingi thelathini kwa mwezi. Saleha amekwisha kuzigawa zote. Kumi na tano zako hazijaidhinishwa; nimeambiwa fungu la mwaka huu limefungwa.

Mdogo wako,
Sleyum


Ndagoni
25 Julai 1934

Kwa Sleyum,

Wa alaykum salaam. Marahaba. Hongera ya kazi. Kaa chini usome hii mpaka mwisho, kwa sababu nimekosea na kosa linarekebishika.

Ndagoni haina nyumba sitini na moja. Ina tisini na tatu. Nimeacha thelathini na mbili.

Ulipoondoka kijijini ulikuwa mdogo, na jambo hili huenda hulijui. Kila Idi ya mfungo mosi, zaka ya fitri ya Ndagoni hukusanywa msikitini, halafu mimi ndiye ninayeipeleka. Naipeleka kabla ya alfajiri, naiweka mlango wa uani wa kila nyumba inayostahili, na naondoka bila kubisha. Mwenye nyumba hanioni, na aliyetoa hajui imekwenda wapi. Anayejua ni mimi tu. Imekuwa hivyo tangu kwa bibi yetu. Mtu anaweza kupokea miaka kumi na jirani yake asijue.

Nilipokuwa nikizunguka na karatasi yako, nikifika kwenye nyumba hizo mguu ulikataa. Kumuuliza mtu mchana, mbele ya wanawe, amepata ngapi, nami ndimi niliyemwekea kikapu mlangoni, niliona ni kumvua nguo. Nikajiambia pia kwamba wewe ulitaka pato, na fitri si pato, ni haki ya Mungu. Nikawaruka. Nilidhani nyumba zisizo na kitu hazibadilishi kitu.

Barua yako ilipofika nilikaa nikapanga mstari upya, safari hii na wote. Nimekwenda kuwauliza, sasa nimewauliza wote. Nyumba thelathini na mbili zote ziko chini ya shilingi arobaini. Katika zile za mwanzo, ya chini kabisa ina arobaini na moja. Kwa hiyo hawa wote wanasimama mwanzo wa mstari, na wale wengine wanasukumwa mbele. Katikati ya tisini na tatu ni nyumba ya arobaini na saba. Hiyo ni nyumba ya Abeid, msuka madema ya kuvulia samaki. Pato lake ni shilingi hamsini na mbili.

Hamsini na mbili, Sleyum. Iko chini ya sitini.

Na kuna jambo la pili, ambalo mzungu wako mwenye akili ataliona mara moja. Mwaka 1926 wengi wa hawa thelathini na mbili walikuwa watu wa katikati. Hemedi alikuwa na pato la mia na ishirini. Mzee Shamte, baba yake Abeid, ambaye ana nyumba yake peke yake, alikuwa na minazi. Walioanguka ndio niliowaacha nje. Nikakuletea wale ambao hawakuanguka, nawe ukaandika kwamba Mafia haikuanguka.

La tatu ni langu. Ya thelathini na mbili kati ya nilizoziacha ni hii nyumba yangu. Mbaraka alianguka mnazini mwezi wa Novemba, nyonga ilivunjika na haikuunga vizuri. Hakwei tena, na mkwezi asiyekwea hana kazi. Idi iliyopita nilibeba vikapu thelathini na moja vya watu, na kimoja nikakirudisha kwangu. Nilikiweka mlango wa uani, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele. Pato letu la mwaka ni shilingi ishirini na sita, pamoja na ada ya darasa. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa hujauliza.

Orodha sahihi imo humu, na majina, kwa kuwa sasa wameniruhusu kuyaandika kwako wewe tu. Mpelekee mzungu namba. Mwambie kosa ni la mwalimu wa Ndagoni. Sina cheo cha kupoteza.

Mbaraka hajalipa kodi ya mwaka jana. Tarehe 30 Septemba si mbali.

Dada yako,
Hafidha


Ndagoni
22 Agosti 1934

Kwa Sleyum,

Salaam. Hatujambo. Mashua ya posta imekuja mara tatu tangu nikuandikie. Nimekwenda mwenyewe kuuliza kila mara.

Liwali ameisoma ripoti barazani Jumatatu iliyopita. Alisoma kwamba hesabu imefanywa na mwalimu wa kike wa Ndagoni, mtu anayeaminiwa na kila nyumba. Watu waligeuka kunitazama.

Jioni yake alikuja Mize, mjane wa nyumba ya pembeni ya kisima, kumchukua bintiye darasani. Huyu ni miongoni mwa wale thelathini na mbili. Nilimwambia nilitaka kumsitiri. Alikuwa anafunga juzuu ya mtoto katika kitambaa, hakuinua macho.

"Umenisitiri vizuri," akasema. "Hata serikali hainioni."

Nikamwambia nimekwisha kuandika kwa ndugu yangu, mambo yatatengenezwa. Akaniuliza ndugu yangu anakula nini huko. Nikamwambia sijui.

Wanafunzi walikuwa ishirini na sita. Leo ni tisa.

Mbaraka anataka cheti cha kusamehewa kodi kwa ulemavu. Boma linasema cheti lazima kiandikwe na daktari, na daktari hufika kisiwani mara moja kwa miezi mitatu. Alikuja tarehe 2 Agosti, akakaa siku moja, akatazama ndui shuleni, akaondoka. Atarudi Novemba.

Andika mstari mmoja tu: umempa mzungu karatasi, au hujampa.

Dada yako,
Hafidha


Dar es Salaam
11 Septemba 1934

Kwa dada Hafidha,

Assalaam alaykum, shikamoo. Nimesikitika kusikia habari ya shemeji. Sisi wazima.

Sijampa. Nakueleza kwa nini, na nakueleza kwa sababu wewe ni dada yangu na maneno haya hayatoki nje ya nyumba.

Daftari la kodi la Ndagoni lina nyumba tisini na tatu. Lilikuwa mezani kwangu tangu Aprili. Orodha yako ilipofika nilihesabu mistari kabla sijasoma kitu kingine, nikapata sitini na moja. Nilijua siku ileile kwamba thelathini na mbili zimekosekana, na sikuwa na haja ya kuambiwa kwamba zilizokosekana si za matajiri. Ningekuuliza, jibu lako lisingefika kabla ya 30 Juni. Orodha isiyokamilika ingerudishwa, na kazi ingepewa karani mwingine na kijiji kingine. Nafasi ilikuwa moja na sisi tulikuwa sita. Katika ripoti nikaandika "nyumba zote zenye pato." Hayo ni maneno yako mwenyewe kuhusu fitri, ingawa wakati huo ulikuwa hujayasema.

Nikisahihisha sasa, mzungu atauliza swali moja: daftari lilikuwa wapi. Nitashushwa, au nitafukuzwa. Nina watoto wawili na nyumba ya kupanga. Mafia ina maelfu ya watu, na kodi ya shilingi kumi wameilipa tangu zamani.

Nakukumbusha pia kwamba mimi sikumruka mtu. Kalamu ilikuwa mikononi mwako. Ungenambia mwezi wa Mei kwamba unakula fitri, ningejua la kufanya. Ulinyamaza kwa fahari yako, nami nikanyamaza kwa kazi yangu. Sioni tofauti kubwa.

Hata hivyo sitaki kusemwa kwamba nimekudhulumu. Nimepiga hesabu. Kodi ingeshuka, shemeji angelipa sita. Haikushuka, analipa kumi. Hasara yenu kwa sababu yangu ni shilingi nne. Zimo humu, hundi ya posta. Hizo sita angedaiwa kwa vyovyote vile.

Orodha yenye majina nimeichana, kwa usalama wa wote.

Mdogo wako,
Sleyum


Ndagoni
5 Novemba 1934

Kwa Sleyum,

Salaam. Nakupa habari kwa tarehe zake, maana ndiyo lugha unayoisikia.

Shilingi zako nne zilifika tarehe 29 Septemba. Mimi nilikuwa na mbili na senti hamsini. Jumla sita na senti hamsini. Tarehe 30 ilikuwa Jumapili, kwa hiyo nilikwenda boma tarehe mosi Oktoba. Karani aliziweka mezani, akazihesabu, akazirudisha. Boma halipokei kodi nusu. Kodi ingekuwa sita, Mbaraka angekuwa amelipiwa na ningerudi na senti hamsini.

Tarehe 6 Oktoba, Jumamosi, walichukuliwa wanaume kumi na wanane wa Ndagoni kwenda kazi ya barabara. Kumi na watano kati yao ni wa nyumba nilizoziacha. Mbaraka alikwenda na fimbo. Mnyapara alipoona hawezi kubeba, alimkalisha kwenye rundo la matumbawe na nyundo, aponde mawe. Watu wakamwita mfalme, kwa kuwa ndiye pekee aliyefanya kazi amekaa. Alikuwa akiniletea maneno hayo kila jioni na kuyacheka.

Tarehe 15 kipande cha jiwe kilimkata chini ya goti la mguu ule mbovu. Nilimfunga kwa kitambaa na chumvi. Tarehe 20 mguu ulivimba mpaka kwenye paja. Nilikwenda kumwomba mnyapara apumzishwe. Akasema siku ya kupumzika haihesabiwi, itaongezwa mwisho. Mbaraka akachagua kwenda, ili ziishe. Alikwenda Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Jumatano, tarehe 24, alikwenda amepakiwa kwenye gari la punda la Hamoud, akaponda mpaka adhuhuri, na alasiri hakuamka pale alipokuwa ameegemea. Alizikwa kabla ya magharibi. Hemedi na Abeid walichimba kaburi. Wote wawili ilibidi waombe ruhusa, maana walikuwa kwenye barabara hiyohiyo, nao wamekatwa siku hiyo katika hesabu yao.

Tarehe 29 alikuja tarishi wa boma na karatasi. Marehemu alifanya siku kumi na tisa kati ya thelathini. Siku kumi na moja hazikufanywa. Thamani yake ni shilingi tatu na senti sitini na saba, na inadaiwa kwa mwenye nyumba, ambaye sasa ni mimi. Nimezilipa. Nina risiti.

Uliandika kwamba hasara yetu kwako ni shilingi nne. Hukumaliza hesabu. Ndagoni ina nyumba tisini na tatu, na wewe uliambiwa Ndagoni inasemea Mafia nzima. Sijui Mafia ina nyumba ngapi. Daftari liko mezani kwako.

Sasa habari iliyobaki.

Nilikuwa na nakala ya orodha. Mtu aliyesomesha watoto miaka kumi na tisa haandiki kitu mara moja. Wiki iliyopita nilikwenda tena kwenye zile nyumba thelathini na moja, mlango wa mbele, mchana. Nimo edani, na sikutakiwa kutoka. Nilimtuma mtu kwa kadhi, akajibu kwamba mjane anaweza kutoka mchana kwa haja, mradi arudi kwake kabla ya jua kutua. Nilimwambia kila mmoja ninachotaka kufanya: kusimama mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa boma, na kuzisoma nyumba zote tisini na tatu, jina na pato, na kusema wazi ni nani wanaopokea fitri, kwa kuwa bila hivyo hakuna atakayeamini kwamba wapo. Niliwaambia kwamba baada ya hapo kile kikapu cha mlango wa uani hakitakuwa siri tena, kwao wala kwa watoto wao.

Ishirini na wanane wamekubali. Hemedi aliniuliza kama nitamsoma kwa sauti ya kutosha au kwa ile ya darasani. Mize alileta kiti akaniambia nikae, nikajua amekubali. Watatu wamekataa, na hao nitasema "nyumba" bila jina. Mmoja wao alilia kwa hasira akaniuliza ni mara ngapi nitamvua nguo.

Baada ya orodha nitasoma barua yako ya tarehe 11 Septemba, kuanzia pale unapotaja daftari mpaka pale unapotaja shilingi nne. Salamu nitaziruka. Kadhi ameitazama barua na ameutambua mwandiko wako, kwa sababu ndiye aliyekufundisha.

Saleha na watoto wako sina ugomvi nao. Nyumba ikiwashinda huko, waje. Kuna chumba.

Baraza limepangwa Jumatatu ijayo, tarehe 12 Novemba, saa tatu asubuhi. Jina langu limeandikwa la nne.

Mjane wa Mbaraka,
Hafidha